Mchele Mweupe wa Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kukaa. Hata leo nikipewa kiti nakaa ukingoni, mguu mmoja uko tayari kuondoka. Wanafunzi wangu wa zamani wanasema nilikuwa nafundisha huku natembea, dirishani mpaka mlangoni na kurudi, na waliokaa mstari wa katikati walitoka darasani shingo zinawauma. Sibishani nao. Lakini kuna kipindi, zamani za Wabelgiji, ambacho sikutembea kwa sababu ya tabia tu. Nilikuwa najua jambo, na sikuwa na kinywa cha kulisema.

Nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya wauguzi pale Kasongo, nyumba ndefu ya matofali nyuma ya hospitali, yenye bati lililofanya joto la mchana kuwa adhabu. Vijana walisomeshwa mwili wa mtu, vijidudu, darubini, sindano. Masomo makubwa yalikuwa ya daktari Mbelgiji. Mimi niliachiwa mabaki: usafi, upimaji wa dawa, na somo moja ambalo daktari alilibuni mwenyewe kisha akachoka nalo kabla hajalianza. Tuliliita somo la kusema na watu. Mwanafunzi alichukua jambo lililopatikana kwenye maabara, akasimama mbele ya watu wasiojua darubini ni nini, akalieleza kwa Kiswahili mpaka wakalielewa.

"Uwafundishe kusema polepole," daktari aliniambia, "kama vile unasema na watoto."

Nilijibu ndiyo, nikatoka, nikabaki na hasira hiyo juma zima. Watoto! Watu wale walikuwa wanalima mpunga tangu enzi za Waarabu. Walijua bonde lipi linashika maji na lipi linadanganya. Ukiwaendea kama watoto watakusikiliza kwa heshima, watakupigia makofi, halafu watarudi nyumbani kufanya vile vile walivyofanya jana. Makofi ndiyo niliyoyaogopa kuliko matusi. Anayekutukana angalau amekusikia.

Wanafunzi nao walinitia wazimu kwa namna yao. Walipenda maneno makubwa kama wengine wanavyopenda viatu vipya. Mmoja hasa, mwana wa katekista, alikuwa na sauti nzuri ya kanisani na alikuwa anaweza kusema nusu saa bila kukuachia kitu cha kushika. Na kila walichosema kilianza na "Munganga amesema," yaani daktari. Nilikuwa nawakatiza. Munganga ameona nini? Na weye umeona nini kwa macho yako? Kama hujaona, nenda uone kwanza, halafu urudi.

Mwingine alikuwa kijana wa Lusangi. Huyo sikumpenda, na sioni sababu ya kuficha. Alikuwa anacheka wakati wa kusali, alikuwa anaiga mwendo wangu nikigeuka, na madaftari yake yalinuka samaki. Mara mbili nilimwombea adhabu kwa daktari, na mara mbili daktari alisahau.

Jambo tulilokuwa nalo mwaka ule lilikuwa la mchele. Kwenye kambi za dhahabu, upande wa Salamabila, wafanyakazi walikuwa wanavimba miguu. Miguu inakufa ganzi, mtu anatembea kama aliyelewa, na wengine moyo ulisimama ghafla. Kambi iliwalisha mchele wa mashine, mweupe kabisa, na karibu hakuna kingine. Daktari alijua kutoka vitabu vyake kwamba ubaya uko kwenye weupe ule, lakini alitaka wanafunzi waone wenyewe. Akajenga vibanda viwili vya kuku nyuma ya darasa. Kuku wa kibanda kimoja walipewa mchele mweupe peke yake. Wa kibanda cha pili walipewa mchele ule ule uliotwangwa kidogo tu, bado mwekundu, ukiwa na ngozi yake.

Ni lazima nieleze utwangaji, maana si kila mtu siku hizi anaujua. Ukitwanga mpunga mara ya kwanza yanatoka makapi, yale magumu yasiyolika. Mchele unaobaki una rangi ya udongo. Kwetu huo si mchele wa kumpa mtu unayemheshimu. Unarudishwa kinuni, unatwangwa tena na tena, na kila mara unatoa vumbi laini jekundu. Hizo ndizo pumba. Zinamwagwa kwa kuku. Mchele unaobaki ni mweupe mpaka unapendeza macho, na mwanamke anayeutengeneza hivyo anasifiwa mtaa mzima.

Kuku wa mchele mweupe walianza kulegea. Shingo zilipinda nyuma, miguu ikakunjika chini yao, wakawa wanaanguka kila wakijaribu kwenda mbele. Wale wa mchele mwekundu walikuwa wanapigana na kuruka juu ya uzio. Daktari akachukua mmoja aliyelegea, akamnywesha maji ya pumba, na kesho yake alikuwa amesimama. Wanafunzi wakapiga kelele darasani. Hata mimi nilisimama tuli.

Nikasema sasa wana kitu cha kusema. Nikawapeleka sokoni Kasongo kufanya mazoezi. Mwana wa katekista alichagua mwanamke aliyekuwa amejaza vikapu vya mchele, akampangia hotuba yake vizuri, weupe una madhara, pumba zina vitamini, na watu wakakusanyika. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiuno.

"Kwa hiyo unasema mbele ya watu ginsi hii kwamba muchele yangu iko sumu?"

"Hapana, mama, vitamini..."

"Mama yako alikulisha nini? Pumba? Mimi nilizaa watoto, nikawalisha muchele hii, na weye unakuja kuniita mulozi?"

Tuliondoka haraka kuliko tulivyokuja, na kijana wa Lusangi alicheka njia nzima. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Yule mwanamke alikuwa ameelewa kuliko sisi. Tulidhani tunasema habari za mchele. Yeye alisikia tunasema habari za mikono yake.

Siku chache baadaye daktari, akimalizia somo lake huku anafuta miwani, akasema jambo kama la kupita tu. Alisema mama anayenyonyesha akila mchele mweupe peke yake anaweza kujisikia mzima, lakini maziwa yake hayana kitu kile cha kwenye pumba, na mtoto ndiye anayeugua. Dalili moja, akasema, ni sauti. Mtoto analia, unamwona analia, na husikii kitu.

Nilikuwa ubaoni nikimwandikia. Chaki ilivunjika.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mvulana mnene. Alizaliwa Kabambare, nyumbani kwa mama mkwe wangu, kama desturi ilivyotaka: mwanamke anakwenda kuzalia kwa mama yake na anabaki kule mpaka mtoto aweze kukaa mwenyewe. Nilipokwenda kumwona walinionyesha mlangoni. Alikuwa amefungua kinywa, uso umekunjana, machozi yanatiririka, na hakuna sauti iliyotoka. Nilisema, mtoto huyu mpole. Nilisema hivyo kweli, na wanawake wakacheka. Hakufika umri wa kukaa. Watu walisema yao, wengine wakataja uchawi, na mimi na mke wangu tukarudi Kasongo.

Na sasa mke wangu alikuwa Kabambare tena. Alikuwa amejifungua msichana. Habari zililetwa na dereva wa lori, pamoja na salamu kwamba mama anatunzwa vizuri sana.

Nilijua maana ya kutunzwa vizuri. Mzazi anapewa mchele uliotwangwa mpaka hakuna kilichobaki cha kutwanga, ukaoshwa mpaka maji yanatoka safi, pamoja na chumvi na mchuzi mwepesi. Maharagwe hapana, yanamsumbua mtoto tumboni. Karanga hapana. Sombe, yale majani ya muhogo, hapana. Mama mkwe wangu alikuwa na sifa ya mchele mweupe kuliko wanawake wote wa pale, na baada ya msiba ule wa kwanza nilikuwa na hakika kwamba sasa anatwanga zaidi. Alimpoteza mjukuu, basi ataongeza juhudi. Nani asingeongeza?

Mtu wa leo ataniuliza, si ungemwambia? Huyo hajui ukwe wetu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawasemi. Na katika yote, zito kuliko mengine ni chungu chake. Mkwe anayetia neno katika chakula cha mama mkwe, hata neno la sifa, amemvua nguo mbele ya watu. Ndoa zilivunjika kwa hilo. Anayeweza kusema kwa niaba yako ni mjomba aliyekuposea mke, na mjomba wangu alikuwa mbali, Kindu, kwenye kazi za reli. Barua? Ingesomwa kwa sauti na katekista wa pale, uwanja mzima ukisikiliza.

Basi nikawa mwalimu anayefundisha vijana kusema na watu wote, na mimi mwenyewe sina ruhusa ya kusema na mwanamke mmoja. Nilitembea. Nilikuwa naamka naenda vibandani kutazama kuku, kana kwamba kuku wangenipa njia. Nilimfokea mke wa jirani kwa sababu alikuwa anatwanga.

Nilimwomba daktari atutume Kabambare, nikimpa sababu kwamba ndugu wengi wa wafanyakazi wa dhahabu wanaishi kule. Alikubali bila kuuliza zaidi. Nilichagua wanafunzi wawili: mwana wa katekista kwa ajili ya sauti yake, na kijana wa Lusangi kwa sababu ndiye aliyekuwa anawalisha kuku na kuku walimzoea. Tukatia kuku kwenye vikapu viwili. Kikapu kimoja kilikuwa na majogoo wawili wa mchele mwekundu, wanono, wenye kelele. Cha pili kilikuwa na tetea mmoja wa mchele mweupe, shingo imepinda, hawezi kusimama. Watu wataona, nilijiambia. Macho hayabishani.

Lori lilikwama kwenye tope, kisha tukangoja kivuko mtoni nusu ya siku kwa sababu mwenye kivuko alikuwa amekwenda matangani. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Kijana wa Lusangi alinitazama.

"Mwalimu, ukizunguka hivi maji itapungua?"

Ningempiga kama kikapu hakikuwa mikononi mwake.

Tulifika Kabambare mchana, tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa wakwe zangu, maana kwenda kulala kwingine kungekuwa tusi. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao hata sasa shemeji zangu wanausimulia kwenye harusi. Kichwani mwangu wale kuku walikuwa kazi ya shule. Sikufikiri hata mara moja jinsi mambo yatakavyoonekana: mkwe, ambaye mke wake amejifungua, anaingia uwanjani kwa wakwe na kuku wawili wanono.

Vigelegele vilianza kabla sijafika kwenye baraza. Shangazi wa mke wangu alipokea kikapu cha majogoo kwa mikono miwili, akapiga magoti nusu, akashukuru ukoo wangu wote, waliopo na waliokwishalala. Mama mkwe alikuwa ameshageuka na kuingia nyuma ya nyumba kama inavyopasa, lakini nilimsikia akicheka kwa furaha. Ningesema nini? Hao si zawadi, rudisheni? Majogoo walikuwa wamechinjwa kabla hatujanawa mikono.

Kikapu cha pili shemeji yangu alikichungulia akacheka mpaka akakaa chini.

"Na huyu? Huyu iko mulevi?"

Kuku mgonjwa hapikiwi mgeni. Wakamwacha pembeni.

Jioni tukaandaliwa wali na majogoo wetu wa maabara. Sijawahi kuona wali mweupe kama ule. Niliula, maana mkwe hawezi kuacha chakula cha ukweni. Wanafunzi wangu walikula vizuri.

Baada ya chakula mke wangu alikuja nyuma ya ukuta wa matete wa chumba chake, na nikasogea upande wa nje kama nanyoosha miguu. Nilimuuliza habari za mtoto.

"Sauti yake inapungua," akasema. "Toka juzi. Inakuwa kama ya mutu mwenye mafua."

Nilimweleza yote, haraka haraka, kuku na maziwa na pumba. Nilisema bila mpangilio wowote, mimi mwalimu wa mpangilio. Hakunikatiza.

"Mwambie mama yako," nikasema.

"Nitamwambia nini? Ananiamshia asubuhi na bakuli. Ananitazama mpaka nimalize. Nimwambie kwamba yule wa kwanza alikufa na hii?" Nikamsikia anapumua. "Semeni ninyi. Si ndiyo mumekuja kusema?"

Kesho yake tulisema. Watu walikusanyika uwanjani kwa chifu, wanaume mbele na wanawake nyuma, mama mkwe wangu mbali kabisa na mimi, amenipa mgongo. Mwana wa katekista alisema vizuri kuliko siku zote. Hakutaja munganga. Alisema alichokiona kwa macho yake, vibanda viwili, kuku wa hapa na kuku wa pale, kisha akaeleza tulivyofundishwa juu ya maziwa ya mama na sauti ya mtoto, na nilianza kuwa na tumaini. Kisha mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa.

"Hao kuku wazima wako wapi, tuwaone?"

Shemeji yangu ndiye aliyejibu.

"Tumewakula. Na muchele mweupe. Na tuko wazima!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Walitupigia makofi, makofi marefu, wakatushukuru kwa safari, wakaondoka. Ndiyo yale makofi. Nilisimama pale nina hasira na hofu, sijui ipi ilikuwa kubwa, nikifikiri juu ya sauti inayopungua nyuma ya ukuta wa matete. Dawa ya sindano hatukuwa nayo. Daktari alikuwa ameiagiza na haijafika. Nilimgeukia kijana wa Lusangi nimwambie afunge mizigo, na hakuwapo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, karibu na kinu, mahali ambapo mimi sikuruhusiwa kufika. Nilisimama upande wa pili wa uzio, nimegeuza uso, lakini masikio sikuyageuza. Alikuwa amemweka yule tetea mapajani na anamfanyia mama mkwe wangu utani ambao kwetu mjukuu, au kijana yeyote wa umri wake, anaruhusiwa kumfanyia nkambo, yaani bibi.

"Muke wangu, nimekuja kwako na njaa ya mapenzi, na weye unanitazama tu."

"Toka hapa, mutoto wa Lusangi. Nitafanya nini na bwana mwembamba ginsi hii?"

"Basi nipe hata pumba. Si yangu. Ya huyu mulevi."

Alicheka, akamsukumia ungo. Kijana alikoroga pumba kwenye maji, akachuja kwa kitambaa, akafungua mdomo wa tetea na kumdondoshea polepole. Hakutoa hotuba. Alimpa tena na tena mpaka jua likashuka, na katikati yake alisaidia kupepeta, akaimba nyimbo zisizofaa, akasimuliwa habari za mjukuu wa kwanza na jinsi nilivyokuja nikamwita mpole, akaombwa aondoke na hakuondoka. Mama mkwe alitwanga. Nilihesabu mapigo ya mchi kwa meno yangu. Alitwanga muda mrefu sana.

Asubuhi iliyofuata tetea alikuwa amesimama. Miguu ilitetemeka, lakini alisimama, akadonoa chini, akaanguka, akasimama tena. Watoto walimzunguka wakipiga kelele. Mama mkwe wangu alitoka na bakuli la wali mkononi, lile la kumpelekea mke wangu, akamwona, na akasimama. Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio, tangu mapema.

"Ulimupa nini?" akauliza.

"Weye mwenyewe ulinipa, nkambo. Ile pumba unamwangaka."

Mama mkwe alitazama ungo. Alimtazama tetea. Alitazama bakuli. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na siku iliyopita alikuwa amesikiliza uwanjani kuliko wote waliocheka, ingawa alinipa mgongo.

"Na ile sauti ya mutoto," akasema, "inaondoka sababu ya hii?"

"Ndiyo, nkambo."

Watoto walikuwa bado wanapiga kelele. Aliwafukuza kwa mkono bila kuwatazama. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia toka Kasongo.

"Na ule wa kwanza?"

Kijana wa Lusangi aliinua uso akanitazama juu ya uzio. Hakuwa na kicheko chochote. Katika masomo yangu yote sikuwa nimemwandalia jibu la swali hilo. Nilikuwa nimemfundisha aseme alichokiona tu, na hiki hakukiona. Nilitaka kuruka uzio, desturi iende zake, nimwambie mama yule chochote, hata uongo. Kijana aliweka tetea chini na akaenda kukaa kwenye udongo, karibu na miguu yake.

"Nafikiri ni hii hii, nkambo," akasema. "Lakini ile wakati hakuna mwenye alijua. Munganga hakujua. Mwalimu alikuja, akamuona mutoto kwa macho yake, na hakujua, na yeye anafundishaka watu. Weye ungejua wapi?"

Mama mkwe hakulia. Bakuli lile akalimwaga kwa kuku. Wali wote, mweupe, chini. Akaingia ndani, akatoka na mpunga, akautia kinuni, akaanza kutwanga. Nilishika uzio. Mchi ulipanda na kushuka, na kila pigo nilikuwa nasema moyoni, inatosha, mama, inatosha. Ukanyamaza. Nikangoja uanze tena, na haukuanza.

Mchana ule shangazi aliniletea sahani yangu barazani, amefunika kwa kitambaa, uso wake umejaa aibu. Nilipofunua nilikuta wali mwekundu, wenye ngozi yake, wa kumpa mtu usiyemheshimu. Shemeji yangu alikaribia kusimama. Mkwe akipewa chakula kama kile ana haki ya kuondoka na kudai kikao cha wazee. Niliula wote, nikapangusa sahani kwa kidole. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa nyuma ya mlango, anasikiliza kama nitaacha.

Tulibaki siku kadhaa tukingoja lori. Mtoto alipewa maji ya pumba kwa kidole, na mama yake akarudishiwa maharagwe na karanga. Wanawake wa majirani walikuja kumtazama tetea, na kila mmoja aliondoka na ungo wake kimya, bila makofi. Mwana wa katekista aliwafuata nyumba kwa nyumba na alikuwa amejifunza kukaa chini. Mimi nilizunguka uwanja mpaka nikachimba njia. Kila nilipopita karibu na ukuta wa matete nilisimama, nikasikia mkwaruzo tu, pumzi ya mtoto anayejaribu.

Asubuhi ya kuondoka dereva alikuwa anapiga honi, mizigo imepanda, na kijana wa Lusangi anabishana na mama mkwe juu ya tetea, ambaye mama mkwe alikataa kabisa kumrudisha. Nilikuwa nimeweka mguu kwenye lori. Ndipo mtoto akalia. Sauti ilianza kwa kukwama, ikapasuka, ikatoka nzima, kali, ya hasira, ikasikika mpaka barabarani. Dereva aliacha honi. Mke wangu, ndani, alianza kumbembeleza anyamaze, kama mama yeyote angefanya.

Mama mkwe alikuwa ameketi chini pale pale uwanjani, kitambaa usoni, mabega yanatikisika. Hakugeuka upande wangu.

"Mumuache," akasema kwa sauti kubwa, akiambia nyumba nzima. "Mumuache alie."